Uzoefu Upatikane Wapi? Vijana wa TEHAMA na Hospitali za Handeni na Korogwe

Kila mtumishi wa afya anaujua ukimya unaotanda mapokezi pale mfumo unapogoma. Karani hubonyeza kitufe mara mbili, mara tatu, huinua macho kutoka kwenye skrini, kisha hutamka maneno ambayo wagonjwa wamekwisha kuyazoea: mtandao unasumbua, subirini kidogo. Mkulima aliyeondoka Kwamsisi alfajiri huku tumbo likimsokota hawezi kupewa kumbukumbu namba ya malipo. Bila namba hiyo halipi, bila malipo kipimo hakifanyiki, na bila majibu ya kipimo tabibu hubaki akikisia. Tabibu yupo. Mtaalamu wa maabara yupo. Vitendanishi vipo. Asiyekuwapo ni mtu wa kuinama chini ya meza na kugundua kwamba waya umechomoka kwenye swichi.

Mtu huyo mara nyingi hayuko mbali. Yuko Chanika au Mkata, Manundu au Mombo, nyumbani kwa wazazi wake, stashahada yake ya TEHAMA imehifadhiwa ndani ya bahasha ya kaki, na maombi ya kazi aliyokwisha kuyatuma hana tena hesabu yake. Matangazo mengi ya kampuni na mashirika humkwamisha katika mstari uleule: mwombaji awe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili. Hana. Uzoefu haupatikani bila kazi, na kazi haipatikani bila uzoefu. Wazazi wake, ambao huenda waliuza mahindi ya misimu mitatu ili kumlipia ada, huuliza kwa upole kama kuna habari yoyote. Baada ya mwaka wa pili huacha kuuliza.

Ajabu ni kwamba taaluma ya afya inajua kulifumbua fumbo hili kuliko taaluma nyingi. Hakuna anayemtaka daktari aliyehitimu jana aje na uzoefu wa miaka miwili ndipo aruhusiwe kumgusa mgonjwa. Taaluma yenyewe imeukubali wajibu wa kumpa uzoefu huo: humpeleka hospitalini mwaka mmoja wa utarajali, humweka chini ya jicho la mkubwa wake, humpa posho, humzungusha idara baada ya idara, na mwisho humtilia saini kwamba sasa anaweza kusimama peke yake. Wauguzi na wafamasia wa shahada hupitia njia hiyohiyo. Hakuna hata mmoja anayeitwa mzigo wa hospitali. Kinyume chake, wodi nyingi zingelemewa siku ambayo watarajali wote wangeondoka. Lakini katika jengo hilohilo, chumba cha seva kinapohitaji mtu, hospitali hufikiri kama kampuni ya mjini: inamtaka aliyekwisha kufundishwa na mwingine.

Hoja ya makala haya ni kwamba hospitali, vituo vya afya na zahanati za Handeni na Korogwe ndizo mahali panapofaa zaidi kwa kijana wa TEHAMA kupata kazi yake ya kwanza, na kwamba zikimpokea kwa utaratibu ule zinaowapokea watarajali wa tiba, atakayefaidika mapema kuliko wote ni mgonjwa.

Kwanza uondolewe utata mmoja. Vijana wengi huamini kwamba Serikali nayo huwadai uzoefu. Si hivyo kwa nafasi za kuanzia. Nafasi ya Afisa TEHAMA Daraja la II, inayotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia Ajira Portal, kwa kawaida humtaka mwombaji awe na elimu inayotajwa, basi. Ugumu wake uko kwingine: nafasi ni chache mno na waombaji ni wengi mno, na anayeitwa hupita usaili wa mchujo wa kuandika, mara nyingine usaili wa vitendo, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Katika vitendo ndipo aliyewahi kushika mashine anapotofautiana na aliyesoma juu yake tu. Kwa hiyo uzoefu, hata usipodaiwa kwenye tangazo, hudaiwa kwenye chumba cha usaili. (Na kwa kuwa matapeli hawalali: maombi ya Ajira Portal hayalipiwi chochote, na anayeomba fedha ili kulipitisha jina la mtu ni mwizi, hata akivaa suti.)

Sasa itazamwe kazi yenyewe. Handeni ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Korogwe nayo vivyo hivyo. Halmashauri hizo nne zina hospitali, vituo vya afya na zahanati zilizotawanyika kutoka kingo za mto Pangani hadi nyika za Uzigua, na katika nyingi kati ya hizo kompyuta imekwisha kuingia. GoTHOMIS, mfumo uliobuniwa chini ya TAMISEMI kwa ajili ya vituo vya umma, humfuata mgonjwa kutoka mapokezi hadi dirisha la dawa. Takwimu za vitabu vya MTUHA hujumlishwa kila mwezi na kuingizwa katika DHIS2. Madai ya bima hutumwa kwa mtandao. Malipo hupitia mfumo wa Serikali unaotoa kumbukumbu namba. Mkoa wa Tanga ulikuwa pia miongoni mwa mikoa ya mwanzo nchini kupokea rejesta ya kielektroniki ya chanjo, ambamo muuguzi humwandikisha mtoto kwenye kishikwambi. Muuguzi huyo, hata hivyo, mara nyingi amelazimika kuandika mara mbili, kwenye kitabu na kwenye kishikwambi, huku mistari ya akina mama ikirefuka nje. Hakusomea kazi hiyo ya pili. Anaifanya kwa sababu hakuna mwingine.

Mifumo yote hiyo ilipopelekwa vituoni ilikuja na semina. Watu wachache walioitwa siku chache walirudi na vyeti, na baadhi yao wamekwisha kuhamishwa. Mtu wa kukaa na mfumo siku ya mia tatu, siku ambayo umeme umekatika, betri ya kuhifadhi umeme imevimba na printa inakula karatasi, hakutajwa na yeyote.

Ndiyo maana ni kosa kuidhania kazi ya kwanza ya TEHAMA kuwa ni kuandika programu. Katika hospitali ya wilaya, kazi hiyo ni kupuliza vumbi kwenye feni kabla kompyuta haijapata joto na kujizima. Ni kuvuta waya juu ya dari bila kuupitisha karibu na bomba la maji. Ni kumfungulia mtumishi mpya akaunti siku anayoripoti, na kuifunga ya aliyehama siku anayoondoka. Ni kutunza nakala rudufu ya kumbukumbu kila jioni na, jambo linalosahauliwa zaidi, kujaribu mara kwa mara kama nakala hiyo inafunguka. Ni kumsaidia daktari mwenye umri wa miaka hamsini na nane kuandika maelezo ya mgonjwa bila kumwaibisha mbele ya wanafunzi wake. Kijana atakayeyamudu haya kwa miezi kumi na miwili atakuwa na uzoefu ambao ofisi nyingi za Dar es Salaam haziwezi kumpa, kwa kuwa huko kila jambo lina fundi wake na mgeni huambiwa akae atazame.

Kuna pia kazi ya data, inayodharauliwa bila sababu. Korogwe ina historia ambayo wakazi wake wengi hawaielezi kwa fahari inayostahili. Kituo cha utafiti cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kilichopo Korogwe kilikuwa kimojawapo cha vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoshiriki awamu ya tatu ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Watoto na vichanga 15,459 waliandikishwa kati ya mwaka 2009 na 2011, na mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wanaoishi penye malaria ya kiwango cha kati na cha juu. Utafiti wa ukubwa huo hausimami kwa madaktari peke yao. Kila homa, kila kipimo cha damu, kila tarehe ya sindano ilipaswa kuandikwa sawasawa, kuingizwa sawasawa na kukaguliwa tena. Namba moja ikikosewa, mtoto mmoja hupotea katika hesabu. Mtu aliyejifunza kuiheshimu namba kwa kiasi hicho ana ujuzi unaouzika popote.

Afrika Mashariki ina mfano mwingine mzuri. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, mashambani karibu na Eldoret nchini Kenya, ulianza kutumika mfumo mdogo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa. Haukuwa na makuu. Ulijengwa kwa programu ya kawaida ya ofisini, na walioingiza taarifa hawakuwa wahandisi bali makarani wa kituo. Kutokana na kazi iliyoendelea Eldoret ilizaliwa OpenMRS, ambayo leo hutumika katika nchi nyingi duniani. Mwanzo wake ulikuwa kituo cha kijijini kilichokubali kujifunza pamoja na watu wake.

Hapa ndipo msomaji mwenye kusimamia kituo atakapouliza, na kwa haki, juu ya fedha na juu ya siri za wagonjwa. Maswali yote mawili ni mazito, na la pili ni zito zaidi.

Desturi iliyopo mahali pengi ni kijana “kujitolea”. Huja kila siku saa moja na nusu asubuhi, hutengeneza kila kinachoharibika, na jioni hurudi kwao kwa miguu kwa kuwa nauli hana. Hana mkataba, hana kitambulisho, hana akaunti yake katika mfumo. Kwa kuwa hana akaunti, hupewa nywila ya muuguzi au ya mhasibu. Tangu siku hiyo kila anachokifungua kimeandikwa kwa jina la mtu mwingine. Anaweza kusoma majibu ya kipimo cha VVU cha jirani yake wa Kwediyamba, na hakuna kumbukumbu itakayoonyesha kwamba aliyesoma ni yeye. Si lazima awe mbaya. Inatosha awe na umri wa miaka ishirini na mitatu, awe na marafiki, na asiwe ameambiwa na yeyote kwamba siri ya mgonjwa inamhusu yeye kama inavyomhusu daktari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kituo kinachomwachia mtu asiye na mkataba nywila ya mtumishi kimejiweka pabaya, na kimemweka pabaya zaidi mgonjwa aliyekiamini.

Basi kujitolea kusikokuwa na mwisho wala maandishi kukomeshwe. Maneno haya yatawaudhi baadhi ya wasimamizi wenye nia njema, wanaoona kwamba wanamsaidia kijana kwa kumpa mahali pa kushinda. Lakini msaada usio na tarehe ya mwisho huwa mtego. Wapo wanaojitolea mwaka wa tatu wakitumaini kwamba siku moja kibali cha ajira kitashuka kikiwa na majina yao, na vibali havishuki hivyo. Mahali pa desturi hiyo pawekwe utarajali wa kweli: barua ya mapokezi yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kiapo cha kutunza siri kinachosomwa na kutiwa saini siku ya kwanza, akaunti yake mwenyewe yenye mipaka, msimamizi anayetajwa kwa jina, na posho inayotosha angalau chakula na nauli.

Posho hiyo itoke wapi? Tangu mwaka wa fedha 2017/18, vituo vya umma vimekuwa vikipokea sehemu ya fedha zao moja kwa moja katika akaunti zao za benki, na kamati za usimamizi wa vituo, ambamo wananchi wana wawakilishi, hushiriki kupanga matumizi. Palipo na mapato ya ndani, fungu dogo la matengenezo ya vifaa si jambo la kigeni. Mafundi wa majenereta na wa mabomba wamekuwa wakilipwa siku zote. Zahanati moja haiwezi kumlipa kijana peke yake, na haina haja naye kila siku. Lakini vituo kadhaa vilivyo kwenye barabara moja vinaweza kuingiza katika mipango yao, kwa kufuata miongozo na kwa ushauri wa Mganga Mkuu wa Halmashauri na Kitengo cha TEHAMA, mtu mmoja wa kuvizungukia. Barabara ya lami ya kilometa 65 kati ya Korogwe na Handeni imeondoa kisingizio kilichotumika zamani. Huduma za ajira za Serikali nazo huwaunganisha wahitimu na waajiri kwa mafunzo ya uzoefu kazini kwa muda maalumu. Hospitali kujiandikisha kuwa mwajiri mpokeaji ni suala la barua.

Fedha za miradi zimesaidia pia, na zimefundisha somo lake. Kwa miaka mingi makarani wa data katika kliniki za tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na VVU wamelipwa na miradi ya wafadhili, na kwa vijana wengi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao ya kwanza. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mapema mwaka 2025, udhaifu wa mpango huo ulionekana waziwazi. Kazi ya kudumu ya hospitali haiwezi kutegemea mkono ulio mbali kiasi hicho.

Kijana naye hana haki ya kukaa tu. Wapo wengi ambao tayari wana uzoefu na hawautambui. Aliyekuwa karani wa Sensa ya mwaka 2022 alizunguka nyumba kwa nyumba na kishikwambi, akahoji watu wa kila tabia, akatuma taarifa kwa mtandao kutoka vijiji ambavyo mawimbi ya simu hupatikana juu ya kichuguu tu. Huo ni ukusanyaji wa data kwa njia ya kielektroniki, nao uandikwe hivyo kwenye wasifu, si kuachwa kama kibarua cha kupita. Aliyetengeneza kompyuta za stesheneri pale stendi ya Korogwe kwa miezi sita ana wateja wanaoweza kumshuhudia. DHIS2 na OpenMRS ni programu huria. Mtu yeyote mwenye kompyuta ya wastani anaweza kuzisimika, kuzijaza taarifa za kubuni na kujifunza zinavyofanya kazi, bila kuomba ruhusa ya mtu na bila kugusa taarifa ya mgonjwa hata mmoja. Anayefika kwa Mganga Mfawidhi akisema ameusoma mtiririko wa taarifa za MTUHA kutoka rejesta hadi DHIS2 huzungumza lugha ya nyumba hiyo. Anayesema anaomba kazi yoyote ile huzungumza lugha ambayo Mganga ameisikia mara nne tangu asubuhi.

Mabinti wanastahili kutajwa peke yao. Katika vyuo wamo, lakini hospitalini wakifika hupelekwa mapokezi kuchapa, na wenzao wa kiume hupelekwa kwenye seva. Baada ya mwaka mmoja tofauti ya uzoefu huwa tayari imekwisha kujengwa, na huitwa tofauti ya uwezo. Msimamizi anayewazungusha wote kwa zamu, kama watarajali wanavyozungushwa kati ya wodi ya upasuaji na ya watoto, atakuwa ametibu jambo hilo bila mkutano wowote.

Kuna chombo kimoja cha taaluma ya tiba ambacho kinaweza kuazimwa kesho, bila bajeti. Mwanafunzi wa uuguzi huwa na daftari la vitendo: kila alichokifanya huandikwa, na msimamizi hutia saini. Kijana wa TEHAMA apewe daftari la namna hiyo, lenye tarehe, saa tatizo liliporipotiwa, idara, chanzo kilichogunduliwa, hatua iliyochukuliwa na saa huduma iliporejea. Lipigwe mhuri wa kituo kila mwisho wa mwezi. Likijaa, litamweleza mwajiri wa pili kile ambacho cheti hakiwezi kumweleza, na likifanyiwa nakala litamwachia kituo kumbukumbu ya vifaa vyake, kwamba printa ya maabara ilikwama mara kumi na moja na imefika wakati wa kuibadilisha. Mganga Mfawidhi anayelitia saini hahitaji kujua swichi ni nini. Anahitaji kujua kama dirisha la malipo lilirudi kufanya kazi, na saa ngapi.